Mjadala: Pesa za wilaya zilindwe na nani, Kampala au wakazi wenyewe?

Wenzangu, kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inapotoka, hoja ni ileile: wilaya zetu hapa Uganda hazina nidhamu ya fedha, basi Kampala ikaze kamba zaidi. Napinga. Kamba imekazwa tangu 2005 na bado tunalia.

Mwaka huo katiba ilirekebishwa na uteuzi wa CAO, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, ukaondolewa wilayani, ukapelekwa Tume ya Utumishi wa Umma. CAO ndiye afisa masuuli, mwenye kujibu kwa kila shilingi. Lakini diwani tuliyemchagua hana namna ya kumwondoa. Mambo yakichacha anahamishwa wilaya nyingine, na anayekuja anasema hayo aliyakuta. Naelewa sababu iliyotolewa, kwamba wanasiasa wa wilaya walikuwa wakiwabana maafisa hawa, na ilikuwa na uzito. Ila tumemtoa CAO mikononi mwa mwenyekiti wa LC5, yaani mwenyekiti wa wilaya anayechaguliwa, bila kumweka mikononi mwa mkazi.

Mwaka huohuo kodi ya kichwa ilifutwa. Sitaki irudi, wazee wanakumbuka watu walivyokimbilia vichakani wasikamatwe. Lakini leo sehemu kubwa mno ya bajeti ya wilaya hutoka serikali kuu, tena ikiwa na masharti: hii ya mishahara, hii ya barabara, hii ya madarasa. Anayetoa pesa ndiye anayeogopwa, na ripoti zinaandikwa kumridhisha yeye.

Tazameni Juni huku kwetu Busia. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 na pesa isiyotumika inarudi Hazina, basi ndipo greda linapoonekana. Changarawe inamwagwa haraka haraka, kalavati linafukiwa bila kujengewa kingo, na mvua ya Septemba inalichimbua. Kwenye faili kila kitu kipo: zabuni, risiti, picha. Wilaya inaweza kabisa kupata hati safi, kwa kuwa hati safi husema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kalavati litadumu. Ofisi ya Waziri Mkuu nayo huzipima wilaya na kuzipa alama, kazi nzuri, ila sehemu kubwa ya ushahidi inaoutaka ni mafaili hayohayo.

Dawa tuliwahi kuijaribu wenyewe. Utafiti wa fedha za shule za msingi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotumwa kwa ajili yao; nyingine iliishia njiani, nyingi mikononi mwa maafisa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichopokelewa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Najua wapo wataalamu wanaosema si magazeti peke yake, kwamba utaratibu wa kutuma fedha nao ulibadilika. Sawa. Lakini mzazi anayejua kiasi kilichotumwa ana swali la kumuuliza mwalimu mkuu, na asiyejua hana.

Sasa nendeni ofisi ya gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya, mkasome ubao. Karatasi ya robo mwaka imebandikwa kweli, imeandikwa "barabara" na jumla moja mbele yake. Barabara ipi? Mkandarasi nani? Kilomita ngapi? Hakuna. Ninachotaka ni hayo matatu, kwa lugha inayosomeka sokoni na msikitini, yabandikwe kabla kazi haijaanza, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka kamati ya wakazi wa eneo hilo itie saini. Ripoti za kamati ya hesabu za umma ya wilaya nazo zisomwe mbele ya baraza la wilaya huku milango iko wazi.

Mnaotaka Kampala ikaze zaidi, nijibuni hili: mkaguzi anayefika mara moja kwa mwaka atalijuaje kalavati lililosombwa Septemba, na sisi tunaolivuka kila siku tunyimwe hata bei yake?