Vifaa gani ninunue? Mke anakwenda kujifungulia kwao Newala

Mbanguaji:
Habari za jioni wakuu. Mimba ya mke wangu imeingia mwezi wa nane. Mama mkwe anataka mwanawe akajifungulie nyumbani, upande wa Kitangari, kuna bibi pale anazalisha kijiji kizima. Naomba mnitajie vifaa, maana haya mambo nayajua juu juu. Nipo Mtwara mjini, kesho naingia sokoni. Usingizi sina, naomba majibu ya kueleweka.

Mama Mapacha:
Khanga za zamani zilizolainika, usinunue mpya ngumu. Mpira wa kulalia, beseni, pamba, glovu, nyembe mpya, vibana kitovu, chupa ya chai. Na nguo za mtoto! Wangu alinunua vya mmoja tu, pacha wa pili akavikwa shati la baba yake.

Kaka Shangani:
Na supu ya pweza. Hiyo ya kwako wewe, ya baada ya arobaini.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, beseni lisubiri. Hiyo mimba ya ngapi? Ya kwanza alijifungua vipi? Kadi ya kliniki inasema ajifungulie wapi?

Mbanguaji:
Shikamoo mama. Ni ya pili. Ya kwanza alijifungua salama, mtoto ameshaanza kutembea. Turudi kwenye vifaa tafadhali.

Mzee Chikundi:
Mmoja ndiyo kwanza anatembea na mwingine yuko mlangoni? Mnakimbizwa na nani? Enzi zetu mke akijifungua alikaa kwao mpaka mtoto aweze kutumwa dukani.

Nesi Mstaafu:
Marahaba. Alisukuma au alipasuliwa?

Mbanguaji:
Alipasuliwa, mwaka jana, mtoto alikaa vibaya. Lakini kidonda kilipona vizuri kabisa na huyu wa sasa kichwa kipo chini. Kliniki walimwandikia hospitali, sawa, ila si wanaandika hivyo kwa kila mtu? Hela ya mnada wa korosho haijaingia, nikiambiwa operesheni tena niuze nini? Huyo bibi ndiye aliyempokea mke wangu mwenyewe alipozaliwa, yeye na ndugu zake wote. Halafu vifo vya wajawazito vimepungua sana nchini. Utafiti wa 2022 ulionyesha 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuwa 556. Tusitishane.

Nesi Mstaafu:
Unachokiona kimepona ni ngozi. Kuna kovu jingine ndani, kwenye kizazi, na uchungu ukikaza linaweza kuachia. Damu inamwagikia tumboni, huenda hata usiione ikitoka, na mtoto anakosa hewa. Hapo kinachotakiwa ni chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa, tena upesi. Bibi akimnywesha na dawa ya kuongeza uchungu ndiyo balaa zaidi. Na kwa hesabu yako mimba hii ilishika mtoto hajatimiza mwaka, kovu bado changa. Wapo wengi wanaojifungua kwa njia ya kawaida baada ya kupasuliwa, lakini wanajaribia hospitali, daktari akiwa jirani. Na hivyo vifo unavyosema vimepungua, havikupungua kwa wenye makovu kupelekwa kwa bibi.

Mikindani Mjini:
Ngoja kwanza. Mtu hajui pamba wala glovu lakini 556 na 104 anazo kichwani? Hii chai, tena imetiwa tangawizi. Mwezi uliopita si wewe uliyekuwa unatafuta mchumba humu humu? Huyu mtu wa semina, anahesabiwa posho kwa kila jibu letu.

Kaka Shangani:
Na Nesi ndiye akaunti yake ya pili 😂

Mbanguaji:
Mchumba nilimtafutia mdogo wangu. Takwimu nilizisikia redioni. Anayeamini aamini.

Mzee Chikundi:
Mdogo wako naye awahi kuoa, lakini apange uzazi.

Mama Mapacha:
Hata kama ni chai mie nakunywa. Mdogo wangu yuko Tandahimba, naye ana kovu na ni mjamzito. Nesi, dalili zipi za kumkimbiza?

Nesi Mstaafu:
Maumivu kwenye kovu yasiyoachia, damu ukeni, chupa ya uzazi kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Kichwa kuuma kwa nguvu na macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba, hapo naogopa kifafa cha mimba. Lolote kati ya hayo, piga 115, ni bure, ndiyo ile m-mama, wanapanga gari la kumfikisha. Na wiki za mwisho asogee karibu na hospitali yenye upasuaji, asikae mbali akingoja uchungu. Mbanguaji, mkeo yuko na wewe hapo mjini?

Mbanguaji:
Yuko Kitangari tangu Ijumaa.

Mikindani Mjini:
Kichwa cha uzi kinasema "anakwenda". Haya.

Mbanguaji:
Nauli nilikuwa nimeshalipa na mama mkwe hakataliwi, nyie hammjui. Jana mke alisema anasikia kuuma kwa chini, anavumilia. Mama mkwe anasema ni mtoto anajigeuza.

Nesi Mstaafu:
Kwa chini wapi? Kwenye kovu? Piga 115 sasa hivi, uwatajie kijiji na useme ana kovu la upasuaji. Kisha mpigie mama mkwe, mwambie kadi ya kliniki itoke kwenye sanduku na asinyweshwe kitu. Wampeleke hospitali ya wilaya Newala usiku huu huu.

Kaka Shangani:
Bado taa yake ya kijani inawaka humu. Mkuu, toka jukwaani upige simu!

Mama Mapacha:
Imezimika.

Mikindani Mjini:
Nina shemeji Kitangari ana Noah, nimemwamsha. Mbanguaji, nitumie jina la kijiji inboksi. Ikiwa ni chai, mafuta mtalipa nyote mliochangia uzi huu.