Kurani ya Kanoni Dale (1923): huduma kwa Waswahili au silaha ya misheni?

Mleta mada: Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili kuchapishwa ilikuwa ya Kanoni Godfrey Dale, mmisionari Mwanglikana wa UMCA (misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) aliyefanya kazi Unguja. SPCK, shirika la Kianglikana la kuchapisha vitabu vya dini, waliitoa London mwaka 1923. Tuihesabu vipi?

Ngalawa: Silaha, wala Dale hakuficha. Alikuwa mtu wa mijadala, ameandika kulinganisha Ukristo na Uislamu. Kurani hii aliwakusudia kwanza walimu na mapadri Waafrika wa misheni, wapate cha kujibu wakikutana na Waislamu. Maelezo yake yanampa msomaji aya na jinsi ya kuipinga humo humo.

Mfasiri: Ndugu Ngalawa, kusudi nakubali, lakini tusimfanye mtu wa kubahatisha. Kabla ya hapo aliishi Bonde, huko Tanga, na mwaka 1896 alichapisha maelezo ya mila za Wabondei. Kazi yake tuipime aya kwa aya.

Binti Malindi: Haya, tuipime. Kasoro kubwa ni kutokuwamo kwa Kiarabu. Tazama sura 4 aya 157, inayokana kuwa Nabii Isa alisulubiwa, kisha ikasema *wa lakin shubbiha lahum*. Kitenzi ni cha kutendwa, mtendaji hatajwi, wala haikusemwa ni nani au nini kilichofananishwa. Ukiandika "walifananishiwa", umeliacha jambo wazi kama lilivyo. Ukiandika "alifananishwa mtu mwingine", umeshaingiza kauli ya wafafanuzi wa Kurani ndani ya aya. Kiarabu kikiwa ubavuni, mwenye kujua anaona palipoongezwa. Kisipokuwapo, maneno ya mfasiri ndiyo yanayogeuka Kurani, awe padri au sheikh. Ndivyo ilivyo na *mutawaffika*, neno Mungu analomwambia Isa katika 3:55: kukufisha, au kukuchukua kwa ukamilifu? Itikadi nzima kuhusu Nabii Isa inaning'inia hapo, na Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa India, wanashikilia kuwa alikufa kifo cha kawaida.

Mfasiri: Hapo umenishika, dada. Ila angalia kilichofuata. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake, akafariki 1947 hajaimaliza. Waahmadiyya wakatoa yao 1953. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akakamilisha ya kwake 1969, Kiarabu na Kiswahili pamoja, na katika dibaji akawakosoa Dale na Waahmadiyya wote wawili. Dale aliwalazimisha masheikh waandike.

Ngalawa: Kuamshwa na mtu aliyekuvamia si kuhudumiwa naye! Miaka 46 tangu Dale hadi Farsy, Mswahili asiyejua Kiarabu angesoma Kurani nzima kwa lugha yake kupitia wapi, kama si kwa Dale au Waahmadiyya? Kisha tazama herufi. Mwaka 1923 mwambao ulikuwa bado unaandikiana barua na tenzi kwa hati ya Kiarabu, iliyofundishwa chuoni (madrasa) tangu utotoni. Kitabu kikatoka kwa hati ya Kilatini, ile ya shule za misheni. Ukitaka kujua mwandishi alimkusudia nani, angalia ni nani angeweza kukifungua na kukisoma.