NFL na hii "tabia" yao: bangi ni dhambi, kumkaba mwanamke ni punguzo la bei

Wakuu, nimechoka. Kila Aprili drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikikaribia (timu zinapokezana kuchagua vijana wa vyuo kwa raundi saba) ni yaleyale: huyu ana kipaji ila tabia yake ina maswali, yule timu zinamwogopa. Na nyie humu mnadaka na kurudia kama kasuku. Hivi hiyo tabia inapimwa kwa mizani gani?

Chukueni drafti moja tu, ya 2016 kule Chicago. Laremy Tunsil, mlinzi wa mrusha mpira, alikuwa anatajwa kati ya vijana bora kabisa wa mwaka ule. Dakika chache kabla shughuli haijaanza, mtu akadukua akaunti yake ya Twitter na kubandika video ya zamani, kijana kavaa kinyago cha gesi anavuta bangi. Basi, balaa. Timu ya Baltimore walikuwa namba 6 kuchagua na walitaka mtu wa nafasi hiyohiyo, wakamchukua Ronnie Stanley (tusimwonee, naye ni mchezaji hasa). Tunsil akaporomoka hadi namba 13, Miami. Kwa kuwa hela ya mkataba wa kwanza hupangwa kwa namba uliyochaguliwa, video ile ilimkosesha mamilioni ya dola. Mwaka 2019 Miami haohao wakamuuza Houston na kulipwa nafasi mbili za kuchagua vijana raundi ya kwanza, na nyingine juu. Na bangi yenyewe? Mkataba wa 2020 kati ya ligi na wachezaji ulishafuta adhabu ya kufungiwa mechi eti kwa sababu tu umepimwa ukakutwa nayo.

Sasa drafti hiyohiyo, raundi ya tano, namba 165: Kansas City wanamchukua Tyreek Hill. Huyu mwaka 2015 alikiri mahakamani kumpiga na kumkaba koo mpenzi wake, tena mjamzito. Chuo chake, Oklahoma State, kilishamtimua kwenye timu. Najua mtaniambia "si aliadhibiwa, akashushwa hadi raundi ya tano?" Aliadhibiwa nani? Kansas City walipata mtu mwenye mbio za kutisha kwa bei ya kutupa. Kipigo alichokula yule dada ndicho kilichowapa punguzo.

2017 wakarudia. Joe Mixon alimpiga ngumi msichana mwaka 2014 hadi mifupa ya uso ikavunjika, na video dunia nzima iliiona. NFL wakajitia wakali, hakualikwa kwenye kambi ya vipimo, ambako maskauti (wasaka vipaji wa timu) huwapima vijana kabla ya drafti. Wiki chache baadaye kachaguliwa raundi ya pili, namba 48, Cincinnati. Yaani kukimbia mbele ya maskauti ni marufuku, ila mkataba ruksa!

Halafu kuna La'el Collins, 2015. Polisi walitaka kuzungumza naye tu kuhusu kifo cha mwanamke aliyewahi kuwa na uhusiano naye. Hakuwa mshukiwa, hata siku moja. Raundi zote saba zikaisha hajaitwa jina. Dallas wakamwokota bila kutumia nafasi yoyote ya kuchagua, akawachezea miaka.

Msinielewe vibaya, sisemi timu zifumbe macho. Aaron Hernandez aliteleza hadi raundi ya nne mwaka 2010, na kilichokuwa kinasemwa zaidi kuhusu yeye ni hiyohiyo bangi. Timu ya Patriots waliomchukua wakaona wameokota dhahabu. 2015 akahukumiwa kwa mauaji. Hofu yote ile, na walikuwa wanakagua kitu kingine kabisa!

Juzi tu, 2025, Shedeur Sanders, mrusha mpira. Hajampiga mtu, hajakamatwa. Makocha wasiotaka kutajwa majina wakanong'ona kwamba ana majivuno kwenye mahojiano, na mtoto akasubiri hadi raundi ya tano, namba 144. Kama ni kushikilia mpira muda mrefu, sawa, hiyo ni hoja ya mpira, tujadili. Ila majivuno? Kwa watoto wa miaka 23 wanaokwenda kuwa matajiri?

Anayejua timu hata moja iliyoeleza waziwazi inaanza kumkataa mtu kwa kosa lipi, alete hapa. Na asije mtu kuniambia Hill ana pete ya ubingwa. Pete naijua, sijauliza pete.