Tupeane uzoefu: Kuandika riwaya ya vijana kuhusu urafiki na dhuluma

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika au kuhariri riwaya za wasomaji wa miaka 12 hadi 18. Marafiki wawili, mmoja kaonewa. Miswada mingi ya namna hii hufia katikati. Wekeni mbinu, na penye kosa semeni chanzo chake.

Kalamu Kavu: Kabla ya msuko (mpangilio wa matukio) jiulize: rafiki ambaye hakuonewa atapoteza nini akisema ukweli? Tuseme Zena kasingiziwa kuiba mtihani, na Rehema anamjua mwizi. Kama hakuna kinachomzuia Rehema, atasema sura ya pili na hadithi imekwisha. Basi ufadhili wake wa masomo usubiri sahihi ya mwalimu yule yule anayemshtaki Zena. Hapo kila siku anayonyamaza inamgharimu rafiki yake.

Bi Mhariri: Nakazia hapo. Dhuluma iwe na karatasi zake: nani kaandika barua, nani kasaini, rufaa ina siku ngapi, shahidi anaruhusiwa? Andika ukurasa mmoja wa taratibu za shule yako ya kubuni kabla ya rasimu ya kwanza. Bila huo, mkuu wa shule anageuka zimwi la kufukuza watu kwa hasira, na msomaji haoni uonevu unavyopita. Uonyeshe hivi: kikao cha dakika kumi, wote wapole, Zena anaombwa asaini kuonyesha amehudhuria tu. Wiki ijayo sahihi ile inasomwa kama kukiri kosa. Tukio kama hilo linachoma kuliko kofi.

Mtunzi wa Usiku: Vipimo: riwaya nzima maneno 50,000 hadi 80,000, kila sura maneno 1,500 hadi 2,500. Dhuluma iingie kabla ya neno la 10,000, ila isiwe ukurasa wa kwanza, maana msomaji bado hajajua kinachovunjika. Tumia sura mbili tatu kuujenga urafiki kwa vitu vya kushikika: daftari wanalochangia, ugomvi mdogo uliokwisha bila msamaha. Daftari hilo litakuja kukufaa kikao kikianza.

Jicho la Tatu: Asimulie nani, wadau? Naona wengi wanakimbilia nafsi ya kwanza.

Bi Mhariri: Akisimulia Rehema unapata hatia yake kwa karibu, ila Zena anaweza kubaki chombo cha kumkomaza mwenzake. Pigia mstari kila tendo la Zena kwenye mswada. Yakiwa yote ni kulia, kungoja na kusamehe, mpe maamuzi ambayo Rehema hakuyatarajia, hata ya kumuumiza Rehema. Ukiwapa zamu za kusimulia, funika majina juu ya sura usome kwa sauti. Usipowatofautisha, rudi kwa msimulizi mmoja.

Kalamu Kavu: Na mjomba mwanasheria anayeibuka mwishoni, mwondoeni kabisa! Mtu mzima atoe kitu kimoja, mfano nakala ya barua, lakini uamuzi wa kuitumia ubaki kwa vijana. Hotuba nazo: mhusika wa miaka 15 akisema mistari sita bila kukatizwa, hapo anaongea mwandishi. Mkatizeni kwa swali, au mlango ufunguliwe.

Mtunzi wa Usiku: Upatanisho msiulazimishe. Adhabu ya Zena inaweza kufutwa wakati mtihani umeshapita, na akakataa kukaa dawati moja na Rehema. Msomaji wa miaka 14 anaumudu mwisho huo vizuri kabisa.