Kuhamisha domeini ni haki ya mteja: kwa nini wakala anazima tovuti na barua pepe siku tunapoondoka?

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kampuni ndogo ya utalii ya Moshi, ambayo mimi ndiye ninayeitunzia tovuti na barua pepe, ilipotea hewani mwezi Juni, wakati ambapo wageni wa kupanda Kilimanjaro wanathibitisha safari zao na kutuma malipo ya awali. Haikuwa hitilafu ya mtambo, wala hakuna mdukuzi aliyetuvamia. Tuliamua kuhamisha domeini yetu ya .com, yaani jina letu la intaneti, kwenda kwa msajili mwingine (kampuni inayosajili majina hayo), na kampuni tuliyoiacha ikafuta au kutufungia kila kitu chetu mara tu uhamisho ulipokamilika. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mtindo huu umezoeleka mno kwenye biashara hii na nina hakika wengi wenu mtautambua kabla hamjafika katikati ya maelezo yangu.

Jambo ambalo kila mwenye domeini anapaswa kulielewa ni kwamba uhamisho wenyewe hauzimi kitu. Majina yote ya .com yamo katika rejista kuu moja inayoendeshwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na humo kila jina limeandikiwa msajili anayelihudumia, tarehe ya kuisha muda wake, na seva za majina zinazojua tovuti iko wapi na barua pepe zipelekwe wapi. Uhamisho unapokamilika, kinachobadilika ni jina la msajili, na mwaka mmoja unaongezwa kwenye muda wa usajili. Seva za majina zinabaki zilezile. Kwa hiyo wakala anayemwambia mteja kwamba ni lazima tovuti izime siku mbili tatu wakati wa kuhama anamdanganya mchana kweupe. Inazimika kwa sababu wakala huyohuyo ndiye aliyeuza domeini, ndiye aliyeuza nafasi ya kuweka tovuti, na ndiye mwenye seva za majina, kisha anaposikia mteja ameondoka na kimoja anafuta na vile viwili vilivyobaki.

Tulianza kwa kuomba msimbo wa EPP, yaani ile nywila ya domeini ambayo msajili mpya hawezi kufanya lolote bila kuwa nayo. Sera ya uhamisho ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, inataka msajili ambaye hamwezeshi mteja kuuchukua msimbo huo mwenyewe kwenye paneli, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yake, ampatie ndani ya siku 5 tangu alipouomba. Siku hizo zilipita kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa ankara ya mwaka unaofuata, pamoja na maelezo kwamba msimbo usingetolewa kabla ankara haijalipwa, ilhali muda wa domeini ulikuwa haujaisha na hatukuwa na deni hata la shilingi moja. Sera hiyohiyo hairuhusu uhamisho kukataliwa kwa sababu ya malipo ya kipindi ambacho bado hakijaanza, na inakataza waziwazi kuuzuia msimbo kwa sababu tu mteja na msajili wanabishana kuhusu malipo. Nilipowanukulia vifungu hivyo, mhudumu alinijibu kwamba huo ndio utaratibu wa kampuni yao. Kampuni inayouza .com haina mamlaka ya kujitungia utaratibu unaopingana na sera ambayo ndiyo inayoiruhusu kuuza .com.

Baada ya hapo ikaja hila ambayo iliniudhi kuliko zote, kwa sababu ilifanywa kwa sura ya msaada. Jina la mwenye domeini lilikuwa la kampuni yetu, lakini kumbe anwani ya barua pepe waliyoijaza kwenye usajili tangu mwanzo ilikuwa yao wenyewe. Walituambia kwamba watairekebisha kwanza ili barua za idhini zitufikie sisi, wakairekebisha, na papo hapo domeini ikafungwa kwa siku 60. Chini ya sera ya ICANN, kubadilisha jina, taasisi au barua pepe ya mwenye domeini huhesabiwa kuwa mabadiliko ya mmiliki, na mabadiliko ya namna hiyo huleta kufuli la siku 60 dhidi ya kuhamia kwa msajili mwingine, isipokuwa pale ambapo msajili amempa mteja nafasi ya kulikataa kufuli hilo mapema. Sera inakwenda mbali zaidi: inamtaka msajili amweleze mteja kwamba, kama lengo lake la mwisho ni kuhama, basi aombe uhamisho kwanza na mabadiliko ya taarifa yafuate. Walijua tunataka kuhama, kwa maana tiketi, yaani ombi letu la huduma, ilikuwa imefunguliwa kwa maneno hayohayo. Hakuna aliyetutamkia neno. Kufuli hilo ndilo lililoisogeza kazi ambayo tulipanga kuimaliza kabla ya msimu, ikaangukia katikati ya msimu.

Muda huo wa kusubiri hatukukaa bure. Tulifungua akaunti kwa mtoa huduma huru wa DNS (mfumo wa seva za majina unaoelekeza domeini kwenye tovuti na barua pepe zake), asiyehusiana na msajili wa zamani wala mpya, ili tuzinakili rekodi zote na kuzihamishia huko kabla ya kugusa usajili. Tuliomba faili la zoni, yaani orodha ya rekodi zote za domeini, tukanyimwa. Paneli yao inaonyesha rekodi mojamoja, lakini ile ya DKIM, ambayo ni ufunguo unaothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, wanaikata katikati: ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255 zinazoruhusiwa katika kipande kimoja cha rekodi ya TXT, hivyo hugawanywa vipande viwili, na paneli yao ilionyesha kipande cha kwanza tu. Mtu anayenakili kwa macho angebeba nusu ya ufunguo na barua zake zingeanza kuangukia kwenye taka bila yeye kujua chanzo. Ilibidi niziulize seva zao moja kwa moja kutoka nje ili nipate ufunguo mzima, kisha nikalinganisha kila mstari na ule wa upande mpya hadi zoni mbili zikajibu sawasawa.

Lililobaki lilikuwa jambo dogo mno, nalo ni wao kubadilisha seva za majina kwenye usajili ili zielekee kwenye huduma mpya ya DNS. Sehemu hiyo kwenye paneli yao imefungwa na hufunguliwa kwa tiketi. Tuliomba kwa maandishi, tukiwaeleza kwamba mabadiliko hayo lazima yafanyike kabla ya uhamisho, kwa sababu domeini ikishaingia katika hali ya kusubiri uhamisho rejista haikubali mabadiliko mengine. Walijibu kwamba litashughulikiwa pamoja na uhamisho. Kwa mtu anayefanya kazi hii kila siku, jibu hilo haliwezi kuwa la kutojua.

Uhamisho ulikamilika asubuhi, na kabla ya adhuhuri tovuti ilikuwa haifunguki. Niliziuliza seva zao za majina kuhusu domeini yetu na jibu likawa neno moja, REFUSED, yaani zimekataa kujibu. Zoni ilikuwa imefutwa, na akaunti ya tovuti pamoja na masanduku ya barua pepe ilikuwa imefungwa, ingawa huduma hiyo ya kuhifadhi tovuti ilikuwa imelipiwa hadi Desemba na hakuna aliyeomba isitishwe. Tulibadilisha seva za majina palepale kwa msajili mpya, ambaye hakutuchelewesha hata kidogo, lakini madhara yalikuwa yameshaenea. Rejista ya .com huziruhusu seva za watoa huduma za intaneti kukumbuka seva za majina za domeini kwa sekunde 172,800, yaani siku mbili kamili, na katika kipindi hicho yeyote ambaye mtandao wake ulikuwa na kumbukumbu ya zamani aliendelea kupelekwa kwenye seva zinazomkatalia. Mgeni wa Ujerumani anafungua tovuti bila shida, wa Uholanzi anaambiwa haipo, na wakala wa safari wa Nairobi anapiga simu kuuliza kama kampuni imefungwa.

Kwenye barua pepe hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa ninaomba msome kwa makini kwa sababu watu wengi hawalijui jambo hili. Barua inayotoka mbali haipotei mara moja. Seva iliyoituma ikikwama kupata anwani kwa hitilafu ya muda, huiweka kwenye foleni na kujaribu tena, na viwango vya intaneti vinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Nyingi za barua kutoka Ulaya zilitufikia kwa kuchelewa. Lakini hoteli na madereva tunaofanya nao kazi Arusha, ambao barua zao ziko kwenye seva ileile ya kampuni tuliyoihama, walikuwa wakiandika kwetu na seva hiyo haikutoka nje kabisa kuuliza tulipo. Iliendelea kuamini kwamba domeini yetu ni ya humohumo ndani, ikaziweka barua zao kwenye masanduku yetu ya zamani ambayo sisi hatuwezi tena kuyafungua. Aliyetuma hakurudishiwa taarifa yoyote ya kushindikana. Kwake yeye barua ilifika, na sisi ndio tuliokosa kujibu. Hoteli moja iliachia vyumba vya kundi zima kwa kudhani kwamba tumeghairi.

Nilipowauliza kwa nini walifuta zoni, walisema huduma ya DNS ni kwa ajili ya domeini zilizosajiliwa kwao. Basi na iwe hivyo. Kama hiyo ndiyo sheria yao, uungwana wa kawaida wa kibiashara ni kumwambia mteja kabla hajahama, kumpa faili la zoni, kubadilisha seva za majina alipoomba, na kuacha zoni ya zamani ijibu kwa siku chache hadi kumbukumbu za mitandao ziishe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogharimu zaidi ya dakika chache za fundi.

Kwa yeyote anayejiandaa kuhama, mpangilio usioacha pengo ni huu, na msikubali wakala awageuzie. Zoni inajengwa kwanza upande mpya na kuhakikiwa. TTL za rekodi, yaani muda ambao mitandao inaruhusiwa kuzikumbuka, zinapunguzwa siku moja au mbili kabla, kwa mfano hadi sekunde 300. Ikiwa domeini ina DNSSEC, yaani saini za kidijitali zinazothibitisha rekodi zake, rekodi ya DS inayoelekeza kwenye funguo za saini hizo inaondolewa kwanza na kusubiriwa siku nzima, kwa sababu ikibaki inaelekeza kwenye funguo ambazo seva mpya hazina, na mitandao inayohakiki saini itaikataa domeini nzima. Halafu seva za majina zinabadilishwa wakati domeini ingali kwa msajili wa zamani, zinapita siku mbili, na hapo ndipo kufuli la kawaida la kuzuia uhamisho linafunguliwa na msimbo unaombwa. Msajili wa zamani akinyamaza, uhamisho unapita wenyewe baada ya siku 5. Huduma ya zamani ya kuhifadhi tovuti na barua isiguswe hadi mwisho. Na usianze haya yote domeini ikiwa imebakiza wiki mbili kuisha.

Jingine lililotusaidia ni kugundua kwamba kampuni tuliyokuwa tukiilipa si msajili bali ni wakala tu anayeuza kwa niaba ya msajili. Ukiitafuta domeini kwenye lookup.icann.org unaona msajili halisi, na wa kwetu alikuwa nje ya nchi. Mkataba wa ICANN unambana huyo, naye ndiye anayewajibika kwa mawakala wake. Tulipomwandikia moja kwa moja, msimbo tuliokuwa tumenyimwa uliletwa bila ankara yoyote. Malalamiko kuhusu msimbo na kufuli tumeyapeleka kwenye idara ya ICANN inayosimamia utekelezaji wa mikataba. Wenye domeini za .tz na .ke wajue kwamba sera hiyo haiwahusu, kwani hizo zina kanuni za hapa nyumbani, chini ya TCRA kwa Tanzania na KeNIC kwa Kenya. Aliyewahi kuhamisha domeini ya .co.tz yenye barua pepe zinazotumika kila siku aeleze hapa ilikwendaje, maana tunayo moja ambayo bado iko mikononi mwa wakala huyohuyo.

Lakini ICANN haishughulikii seva wala masanduku ya barua, na hapo ndipo mgogoro wetu uliposimama. Ndani ya masanduku hayo yaliyofungwa kuna mawasiliano ya wateja na nakala za pasipoti walizotutumia kwa ajili ya safari, na kampuni ambayo hatuna tena uhusiano nayo inaendelea kuzishikilia, na hadi jana ilikuwa ikipokea nyingine mpya zilizotumwa kutoka ndani ya seva yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya mapambo. Tumewaandikia kutaka mambo matatu: waiondoe domeini yetu kwenye seva yao ya barua ili barua za Arusha zitoke nje na kutufikia, watukabidhi barua zote zilizoingia tangu siku ya uhamisho na kufuta nakala zao, na warudishe fedha za huduma tuliyolipia hadi Desemba. La kwanza wamelitekeleza jana, baada ya mwanasheria kuweka saini kwenye barua yetu. Kwa mawili yaliyobaki wamenyamaza, na barua ya malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaondoka Jumatatu.