Makato ya NSSF yapo kwenye hati ya mshahara, lakini michango haionekani

Swali: Habari zenu, ndugu. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na sina ugomvi na kazi yenyewe: wenzangu wanaheshimiana, chai ya saa nne ipo na mshahara hauchelewi. Kinachonikera ni kwamba hati ya mshahara huonyesha makato ya asilimia 10 ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) kila mwezi, ilhali taarifa yangu ya michango inaishia mwezi wa nne. Mhasibu hunijibu kwa tabasamu kwamba mfumo unasumbua. Nifanyeje bila kuhatarisha kibarua changu?

Jibu: Pole sana. Mwajiri hutakiwa kuwasilisha asilimia 20 kwa jumla, yaani makato yako pamoja na sehemu yake, ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, kwa hiyo mfumo huo umesumbua kupita kiasi. Peleka nakala za hati zako katika ofisi ya NSSF iliyo karibu.

Jibu: Naongezea kwamba usiende peke yako. Kwetu tulikwenda kumi na wawili, tukiongozwa na tawi la chama cha wafanyakazi, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Hapo ndipo tulipong'amua kwamba hata likizo ya siku 28 tulikuwa tukipunjwa.

Muuliza swali: Ahsanteni. Tawi hatuna, ila watano tumekubaliana kwenda Jumatatu.