Tupeane uzoefu: mliwahi kugeuza safari ya mlimani kwa ajili ya rafiki mmoja?

MwanaRongai

Habari za jioni wadau. Msimu wa ukavu unakaribia, na makundi ya WhatsApp hapa Nairobi yameshaanza kuchangishana pesa za mahema na matatu ya kukodi. Picha za kileleni tunaziona kila siku, ila habari za aliyeshindwa njiani hatuambiwi. Hizo ndizo naomba tupeane humu.

Naanza mimi. Tulipanda Mlima Kenya mwezi wa Februari kwa njia ya Sirimon, marafiki tuliosoma pamoja. Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Old Moses, mita 3,300, tukaimba mpaka majirani wakatunyamazisha. Kesho yake tukapelekwa moja kwa moja hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200. Hebu piga hesabu: ni mita 900 kwa siku, ilhali ushauri wa kawaida ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, ili mwili uzoee hewa nyembamba ya juu. Kiongozi tuliyemkodi alilijua hilo, ila alitaka kumaliza kazi mapema.

Jioni mwenzetu mmoja, mcheza mpira mwenye pumzi kutushinda sote, akaanza kushika kichwa. Chai aliitapika. Ukimwuliza jambo anajibu nusu. Alipoinuka kwenda msalani akawa anayumba, akamkanyagia mtu sahani ya wali bila hata kuiona.

Hapo tukagawanyika. Wengine walisema alale tu, alfajiri sisi tupande kilele cha Lenana tumkute tukirudi. Dada mmoja kati yetu, muuguzi, akakataa katakata: mtu anayeyumba hivyo halazwi, anateremshwa saa hiyo hiyo. Hakungoja kura. Alipiga magoti akaanza kumfunga kamba za viatu. Tulishuka usiku kwa tochi, wawili mbele, wawili nyuma, dada yule kamshika mkono. Njia ni ndefu, lakini kadiri tulivyoteremka ndivyo maneno yalivyokuwa yakimrudia, na kulipopambazuka, Old Moses, aliomba uji mwenyewe. Dada huyo namheshimu mpaka kesho. Mwaka huu tunarudi wote, naye mgonjwa wetu akiwemo, na tumeongeza usiku mmoja katikati.

BintiKinangop

Pole sana, na Mungu ambariki huyo muuguzi. Yetu ilikuwa Nyandarua, upande wa Elephant Hill. Kule watu hupachukulia kama matembezi ya Jumamosi kwa sababu ni karibu na jiji, kumbe kilele kinapita mita 3,500 na tope la kwenye mianzi linakuvua kiatu.

Mvua ilitunyeshea mchana kutwa. Usiku wenzetu wa hema la pili wakaingiza jiko la makaa ndani na kufunga zipu. Baadaye nikasikia mmoja akilalamika kichwa, mwingine naye akadakia. Wakadhani ni ugonjwa wa mlimani. Rafiki yetu mkubwa kiumri aliposikia wawili wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, alikimbia kwenye mvua bila viatu, akafungua hema, akawavuta nje na kulitupa jiko. Moshi wa makaa ukiisha, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, haiishi, na haina harufu. Kwa hiyo kichwa kikiuma ndani ya hema, kwanza tazameni kama kuna moto. Asubuhi tulirudi Njabini wote, na hakuna aliyenung'unika.

MpagaziMstaafu

Vijana wangu, nilibeba mizigo upande wa Naro Moru kabla ya kuhamia Nairobi. Mnachokisema ni kweli. Kubalianeni mkiwa bado mjini: yeyote akisema turudi, tunarudi, na pesa zilizolipwa zisitajwe. Mkingoja kuyasema hayo kule juu, hakuna atakayesikiliza, kila mtu ana baridi na kilele anakiona. Anayetembea polepole atangulie mbele, wengine wafuate mwendo wake.

Na msibebe maharage mabichi. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na nyuzi 86 hivi tu, mtamaliza gesi na hayataiva. Chemsheni nyumbani, au bebeni ndengu zilizoiva na chapati. Mtu asiyeshiba usiku ndiye wa kwanza kudhoofika.

Halafu anayeteremka asidhani amekosa mlima. Asubuhi achungulie katikati ya lobelia, ule mmea mkubwa wa mlimani: maji yaliyomo yamefunikwa na barafu nyembamba, na chini yake bado ni maji. Nimewaona wengi waliofika Lenana wakapita bila kuitazama.

NasraSouthC

Asanteni sana, mzee hasa. Sisi tunaondoka Agosti na rafiki yetu mmoja ana pumu. Anataka sana kwenda, nasi hatutaki kumwacha. Kuna aliyewahi kupanda na mtu wa namna hiyo?

MwanaRongai

Amwone daktari wake kwanza, Nasra, na aende kama tu daktari ameridhia. Muuguzi wetu husema dawa ya kuvuta ikae mfuko wa ndani wa koti, ishike joto la mwili, maana ikipoa sana haitoki vizuri. Isiwekwe kwenye begi la mpagazi kabisa. Wapagazi hutangulia, na atakapoihitaji itakuwa imeshafika kambini.